Wanorwei na Wamisri wa Marekani: Nani Amefaulu, na kwa Sababu Gani?

(Mhadhara kwa vijana na wazazi, usiku wa Ramadhan baada ya tarawehe)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote.



Kwanza tumshukuru Mola aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu. Kuna tuliofunga nao mwaka jana na leo hawapo. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Mada ya usiku wa leo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Wanorwei wametuhusu nini sisi, na tarawehe ndiyo tumeimaliza sasa hivi? Nitaeleza. Mwezi wa Januari 2018 magazeti ya dunia nzima yaliripoti kwamba Rais Donald Trump, katika mkutano kuhusu uhamiaji, aliuliza kwa nini Marekani isipate watu zaidi kutoka nchi kama Norwei, badala ya watu wa nchi za Afrika na wengineo. Maneno hayo yaliwakera wengi. Lakini ukisikiliza vizuri mazungumzo ya vijana wetu vibarazani, utasikia maneno yanayokaribiana na hayo, tena kutoka vinywani mwetu wenyewe: "Wazungu wana akili ya maendeleo, sisi Waislamu tumelaaniwa na umaskini." Kijana akishaamini hivyo amekwisha. Hasomi, hajengi, anangoja tu siku ya kupanda ndege.

Kwa hivyo leo tulinganishe jamii mbili zilizohamia nchi moja, Marekani. Moja ilitoka Norwei, ya pili ilitoka Misri. Tuone zimefikaje zilipofika, na sisi tuchukue nini.

Wanorwei walikwenda wakiwa maskini

Mtu akitaja Norwei leo, tunafikiria nchi tajiri yenye mafuta. Lakini mafuta hayo yaligunduliwa kwenye bahari yao mwaka 1969 tu. Katika karne ya 19 Norwei ilikuwa nchi ya milima na mawe. Ardhi ya kulimika haikufika hata asilimia 5 ya nchi nzima, na shamba la baba kwa kawaida lilikwenda kwa mtoto wa kwanza. Wengine walibaki vibarua.

Tarehe 4 Julai 1825 meli ndogo iitwayo Restauration iling'oa nanga katika bandari ya Stavanger ikiwa na watu 52. Wengi wao walikuwa watu wa dini waliosumbuliwa na kanisa la serikali. Walifika New York tarehe 9 Oktoba wakiwa 53, kwani mtoto alizaliwa baharini. Na mnajua kilichowapata bandarini? Meli ilizuiwa na nahodha akatozwa faini, kwa sababu walibeba abiria kupita kiasi kilichoruhusiwa na sheria ya Marekani. Ilibidi Rais John Quincy Adams awasamehe. Yaani Wanorwei hao wanaosifiwa leo walianza safari yao kwa kuvunja sheria ya uhamiaji!

Katika miaka 100 iliyofuata, Wanorwei wapatao 800,000 walihama. Nchi yenyewe mwaka 1900 ilikuwa na watu milioni 2.2 hivi. Wengi walikwenda Illinois, Wisconsin, Iowa, Minnesota na Dakota. Waliishi katika nyumba za matofali ya udongo na nyasi, na mabinti wao walikwenda mjini kufanya kazi za nyumbani. Kati ya 1873 na 1877 nzige walikula mazao ya Minnesota mwaka baada ya mwaka.

Sasa, watu hawa walitokaje katika shida hiyo? Mambo matatu.

La kwanza ni ardhi. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mhamiaji ekari 160 kwa ada ndogo, mradi aishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Fikirieni, ndugu zangu. Kibarua asiye na kitu anapewa ekari 160!

La pili ni kwamba walijenga pamoja. Mwaka 1861, wakiwa bado wanahangaika, walianzisha chuo cha Luther, ambacho makao yake ni Decorah, Iowa. Augsburg kikafuata mwaka 1869 na St. Olaf mwaka 1874. Mwaka 1895 wanaume 18 mjini Minneapolis waliunda chama cha kusaidiana, Sons of Norway. Kila mmoja alitoa mchango ili mwenzake akifa au akiugua, familia yake isiombe barabarani. Wakulima nao waliingia katika vyama vya ushirika vya maziwa na nafaka.

La tatu ni muda. Wamekuwa huko kwa miaka 200 sasa. Waliotoka katika jamii hiyo ni kama Knute Nelson, aliyekuwa gavana wa Minnesota kuanzia 1893, kisha seneta. Na Norman Borlaug, mtaalamu wa mbegu za ngano, mtoto wa wakulima wa Iowa, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970. Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu watu karibu milioni 4.5 waliosema asili yao ni Norwei. Kipato chao kiko juu kidogo ya kile cha Wamarekani wote, na maskini miongoni mwao ni wachache kuliko kiwango cha nchi.

Wamisri waliingia kwa mlango mwingine

Wamisri je? Kabla ya miaka ya 1950 walikuwa wachache mno Marekani. Si kwamba hawakutaka kwenda. Mlango ulifungwa. Sheria ya mwaka 1924 iliweka idadi ya wahamiaji kwa kila nchi. Norwei ilipewa nafasi 6,453 kwa mwaka. Misri ilipewa 100. Hata uraia ulikuwa na ubaguzi: tangu 1790 mhamiaji wa kuupata alitakiwa awe mtu mweupe. Mwaka 1942 jaji wa Michigan alimnyima uraia Mwarabu wa Yemen aitwaye Ahmed Hassan, na miongoni mwa sababu alizotoa ni rangi ya ngozi yake na dini yake ya Kiislamu. Sharti hilo la rangi lilifutwa mwaka 1952.

Mlango ulifunguliwa kwa sheria ya mwaka 1965. Sheria hiyo iliwatazama kwanza wenye jamaa huko na wenye ujuzi. Huko Misri nako mapinduzi ya 1952 na vita vya 1967 vilikuwa vimewakatisha tamaa wasomi wengi. Kwa hivyo waliokwenda mwanzo walikuwa madaktari, wahandisi, wafamasia na walimu wa vyuo vikuu. Walikaa New Jersey, hasa Jersey City, na New York na California.

Matunda yake yanaonekana. Farouk El-Baz, mzaliwa wa Zagazig, alikuwa miongoni mwa wanajiolojia waliosaidia kuchagua mahali pa kutua mwezini katika safari za Apollo. Ahmed Zewail alizaliwa Damanhur mwaka 1946, akasoma Alexandria, akaenda Marekani kwa shahada ya udaktari, na mwaka 1999 akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu watu wapatao 140,000 tu wenye asili ya Misri, lakini zaidi ya nusu ya watu wazima wao walikuwa na digrii. Kwa Wamarekani wote kiwango kilikuwa asilimia 24.

Kwa hivyo kwa elimu, Mmisri amempita Mnorwei, tena kwa mbali. Yule aliyesema akili ya maendeleo ni ya Wazungu atueleze hapo!

Lakini ngojeni, tusishangilie haraka. Wamisri wengi wa Marekani ni Wakristo wa Kikopti. Wamo Waislamu wengi pia, lakini mtu asije akasema tunashindanisha Uislamu na Ukristo. Na Wamisri waliovuka bahari kwenda Italia, hasa mji wa Milan, wengi walikuwa vijana wa vijijini wasio na elimu kubwa, wakaingia kazi za ujenzi, usafi na jikoni za mikahawa ya piza. Nchi ni ile ile, damu ni ile ile, lakini maisha ni tofauti. Kwa nini? Kwa sababu waliingia kwa mlango mwingine. Nchi ikichagua madaktari, watoto wa madaktari watasoma. Ikichagua vibarua, watoto wa vibarua wataanzia chini. Hakuna siri kubwa hapo.

Hesabu inayoficha maskini

Sasa nataka vijana mnaosoma biashara na hesabu mnisikilize vizuri. Tukiwa watu kumi chumbani, tisa wanapata shilingi 20,000 kwa mwezi na mmoja anapata milioni moja, wastani wetu ni shilingi 118,000. Ukitangaza wastani huo utadhani chumba kizima kimeshiba. Kumbe tisa wana njaa.

Sensa ya Marekani hutumia njia bora kidogo. Hutazama familia iliyo katikati ya mstari. Hata hivyo, hiyo nayo haikuonyeshi walio mkiani. Tuwatazame Waarabu wote wa Marekani kwa pamoja, Wamisri wakiwemo. Mwaka 1999 familia ya Kiarabu ya katikati ilipata dola 52,300, na ya Wamarekani wote dola 50,000. Waarabu wako mbele. Lakini hesabu za mwaka huo huo zinasema asilimia 17 ya Waarabu hao walikuwa maskini, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 12. Kwa hivyo ni jamii yenye matajiri zaidi na maskini zaidi kwa wakati mmoja.

Ni nani hao maskini? Kuanzia mwaka 1995 ile bahati nasibu ya viza, ambayo Wakenya wengi pia waliijaza, iliwapeleka Marekani Wamisri wa kila aina. Wapo waliokuwa madaktari nyumbani, lakini daktari wa kigeni hatibu mpaka apite mitihani ya leseni na kufanya mafunzo ya hospitalini kwa miaka. Kodi ya nyumba haingoji miaka. Basi anaendesha teksi au anauza chakula kando ya barabara. Wako waliofaulu humo humo. Wamisri watatu walianza na mkokoteni wa chakula New York mwaka 1990, wakaona madereva wa teksi Waislamu hawapati chakula cha halali, wakapika kuku na wali. Leo Halal Guys ina mikahawa katika miji mingi. Lakini kwa kila mmoja aliyefaulu, wako wengi wanaosimama baridini miaka ishirini.

Na sisi Waislamu swali letu halikomei kwenye familia ya katikati. Zaka haihesabiwi kwa wastani. Zaka inamtafuta fakiri mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Jamii inaweza kuwa na mshindi wa Nobel, na bado ikaulizwa mbele ya Mola juu ya mjane mmoja aliyelala bila futari.

Raha si pesa peke yake

Mtu huishi vizuri akiwa na heshima, usalama, na mahali anapojulikana kwa jina. Hapo jamii zote mbili zimeonja machungu.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1918, gavana wa Iowa alitoa amri kwamba shuleni, barabarani, kanisani, hata kwenye simu, watu waseme Kiingereza tu. Wanorwei waliogopa kuomba kwa lugha ya mama zao. Makanisa yakabadilisha lugha, na mwaka 1946 kanisa lao kubwa likaondoa neno "Norwei" katika jina lake. Gazeti lao la Decorah-Posten lilifungwa mwaka 1972. Leo wengi wa wajukuu hao hawajui hata sentensi moja ya Kinorwei. Wamebaki na sherehe ya tarehe 17 Mei na chakula cha samaki mkavu wa kuloweka. Chakula kimebaki, lugha imekwenda.

Wamisri nao, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, walitazamwa kwa jicho baya. Mapema mwaka 2003 wanaume wa Misri wa miaka 16 na zaidi waliokuwa huko kwa viza za muda waliamriwa kwenda kujiandikisha, kuchukuliwa alama za vidole na kuhojiwa. Daktari na muuza chakula walipanga foleni moja. Digrii haikumkinga mtu.

Na lipo jambo jingine ambalo haki inatulazimisha tuliseme. Zile ekari 160 walizopewa Wanorwei zilikuwa na wenyewe. Katika mwaka ule ule wa 1862, watu wa kabila la Dakota wa Minnesota, waliokuwa wamenyang'anywa ardhi na kucheleweshewa malipo yao mpaka wakafa njaa, walipigana na walowezi. Wengi waliuawa pande zote mbili, wakiwemo walowezi wa Kinorwei. Tarehe 26 Desemba wanaume 38 wa Dakota walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato, na kabila lao likafukuzwa kutoka jimbo hilo. Sisemi Wanorwei hawakutoka jasho. Walitoka jasho kweli kweli. Lakini shamba lile lilikuwa na machozi ya mwingine, na sisi watu wa Pwani tunaojua uchungu wa kukosa hati ya ardhi tunalielewa jambo hili bila kufundishwa.

Tuchukue nini?

Ndugu zangu, Suratul Hujurat inatufundisha kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane, na mbora ni mwenye kumcha Mungu zaidi. Tulichokiona usiku huu kinakubaliana na mafundisho hayo. Kufaulu hakumo katika damu. Mlango ulioingilia una kazi yake, na muda pia. Hayo mawili mara nyingi hatuna uwezo nayo. Lililo mikononi mwetu ni lile la tatu: tunachojenga pamoja.

Mjini Minneapolis kuna mtaa uitwao Cedar-Riverside. Mwisho wa karne ya 19 ulijaa wahamiaji wa Norwei na majirani zao wa Sweden. Leo umejaa Wasomali, na wengi wao walipitia hapa kwetu, Dadaab na Eastleigh. Katikati ya mtaa huo kipo Augsburg, kile chuo walichokianzisha wahamiaji wa Kinorwei, na leo mabinti wa Kisomali wanaingia humo na hijabu zao. Waliochanga senti zao kwa ajili ya chuo hicho hawakumjua Msomali hata kwa ndoto. Lakini walichokijenga kimedumu kuliko lugha yao. Sisi Waislamu tuna jina la kazi ya namna hiyo tangu zamani. Tunaiita wakfu.

Basi natoa nasaha tatu, kisha niwaache mkapumzike kabla ya daku.

Kwanza, wazazi. Tumezoea kuchangia harusi na safari ya kijana kwenda ng'ambo. Ni vizuri. Lakini tuchangie pia kitu kinachobaki: duka moja la wakfu ambalo kodi yake inalipa karo, maktaba moja ya madrasa, mfuko mmoja wa wagonjwa wa mtaa. Wale 18 wa Minneapolis hawakuwa matajiri. Tena msiwasomeshe wenye alama za juu peke yao. Daktari atajipatia njia. Fundi na mshonaji wanahitaji mkono wetu zaidi.

Pili, vijana. Ukipata nafasi ya kwenda Marekani, Norwei au Ghuba, nenda kwa nia safi, lakini uliza kwanza unaingia kwa mlango gani. Cheti chako kitakubaliwa? Mtihani wa leseni ni upi? Nani yuko huko wa kukupokea? Na ukifika usimdharau mwenye mkokoteni, huenda alikuwa daktari kwao. Nyumbani kwako ongea na watoto lugha yako na uwasomeshe Qur'ani tangu wadogo, maana vitu hivi havipotei siku moja. Vinaondoka kimoja kimoja, mpaka siku unashtuka kumebaki pilau na biriani tu.

Tatu, sote. Kabla ya Idi, kila kikundi cha vijana kihesabu nyumba za mtaa wake ambazo hazina uhakika wa futari. Msiniletee wastani. Andikeni idadi, kisha mpeleke kwa kamati ya msikiti ili Zakatul Fitri ifike kwa wenyewe kabla ya swala ya Idi. Jamii inayowajua maskini wake kwa majina ndiyo iliyoanza kufaulu, iwe Minneapolis, Jersey City au hapa kwetu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu na swala zetu, awafungulie vijana wetu milango ya kheri, awarudishe salama walio ugenini, na atujaalie tuwe wenye kujenga kwa ajili ya watakaokuja baada yetu. Amin, ya Rabbal Alamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.